Ungekata Wapi?

Miaka yangu minne ya mwanzo ya ualimu, swali nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili: "Tumeelewana?" Na darasa zima lilikuwa linaitikia kwa sauti moja mpaka madirisha yanatetemeka: "Ndiyooo, mwalimu!" Kwa Kiingereza, maana ni sekondari, na kwenye mwarobaini mbele ya ofisi kulikuwa na kibao kinachokataza Kiswahili. Basi nafuta ubao, napangusa chaki kwenye suruali, natoka nimeridhika. Mtihani ukifika, nasahihisha karatasi ambazo ungedhani sijawahi kukanyaga darasa lile.

Nafundisha hisabati kwenye shule ya kata kusini mwa Dodoma, ukishika barabara ya Iringa. Nilipangiwa huku mwaka 2012, Dodoma ikiwa bado manispaa na watu wa Dar wakiicheka wanaposikia ni makao makuu ya nchi. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwetu kuna ukungu, mapeasi na maji yanayoteremka yenyewe mpaka shambani. Niliposhuka kwenye basi nikaona vumbi, mibuyu na mbuzi, nikaandika barua ya kuomba uhamisho kabla sijafungua sanduku. Haijajibiwa mpaka leo. Na sasa hata ikijibiwa siendi popote, kwa sababu nina mizabibu.

Mizabibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kufundisha. Najua inasikika kama maneno ya mtu aliyeonja mvinyo wake mwenyewe asubuhi, lakini nivumilie.

Mwaka 2014 nilinunua nusu ekari yenye mizabibu tayari, mwenyewe alikuwa anahamia mjini. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kilichonivutia ni kwamba huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya ni baridi inayoulaza mzabibu, ukaamka wenyewe majira yakibadilika. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkasi ndio unaouambia uanze upya. Unapogolea, yaani unakata matawi, mzabibu unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Maana yake ni kwamba msimu wako wote unaamuliwa siku ile ya mkasi. Ukikosea kukata, hakuna mbolea wala maji ya kukuokoa. Unangoja miezi minne ukiangalia majani.

Kabla sijaanza nilihudhuria mafunzo ya siku moja ya wakulima. Mtaalamu alieleza vizuri sana, akachora tawi kwenye bango, akaonyesha macho yake, yaani vile vinundu vinavyochipua, akasema uache macho mawili au matatu, ukate tawi lililokomaa. Mwishoni akatuuliza kama tumeelewa. Tukaitikia. Nakumbuka niliitikia kwa sauti kubwa, mimi msomi wa shahada.

Asubuhi ya Jumamosi nikaingia shambani na mkasi mpya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba lile tawi la kwenye bango halipo shambani kwangu. Kulikuwa na matawi yaliyopandana kama nywele za mtu aliyeugua, mengine ya kahawia, mengine ya kijani, mengine ya kahawia upande mmoja na kijani upande wa pili. Nikakata. Nilipomaliza mistari mitano, babu mmoja jirani, Mgogo mwenye mizabibu mikongwe kuliko shule yetu, akasimama kwenye uzio wa michongoma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu." Akaangalia kwa muda. "Umenyoa."

Akaenda zake. Msimu ule nilivuna majani. Vichala vilivyopatikana mke wangu aliviweka kwenye sahani moja ya wageni.

Msimu uliofuata nilimfuata kwake jioni, na kilo mbili za sukari. Ilinibidi kwanza niimeze ile fahari ya watu wa milimani, ya kwamba Msambaa hafundishwi shamba na mtu wa nchi kavu. Nikamwomba anielekeze. Nilitegemea maelezo, hata daftari nilibeba. Kesho yake alikuja, akaniweka mbele ya mzabibu wa kwanza, akafunga mikono mgongoni na kunyamaza. Baada ya kitambo akauliza:

"Ungekata wapi?"

Nikaonyesha.

"Kwa nini?"

Nikajikanyaga. Nilisema kitu kuhusu macho mawili au matatu.

"Yapi?"

Hapo nikamwambia ukweli, kwamba sijui, aniambie yeye. Akatikisa kichwa. Akanipeleka kwenye mizabibu mitatu ya mwisho, ile iliyodumaa pembeni mwa shamba. "Hii mitatu ni ya kwako kukosea," akasema. "Kata unavyoona. Kila unapokata, funga kitambaa, kisha uniambie kitatoka nini. Mingine usiiguse mpaka nikuambie."

Nikakata. Nikafunga vitambaa vyekundu kutoka kwenye kanga iliyochakaa. Kwa kila tawi ilibidi nitabiri: hili litatoa vichala, hili majani, hili litakauka. Wiki tatu baadaye tukarudi kuangalia. Karibu nusu ya utabiri wangu ulikuwa bure, na ile nusu nyingine iliyokuwa sahihi sikuweza kusema kwa nini. Lakini sikuweza kusahau hata tawi moja. Mpaka leo naweza kukuonyesha lile lililonidanganya, nene, la kahawia, limenyooka vizuri, nikaliachia macho sita kwa tamaa, likachipua yale ya nchani tu. Kulikuwa na jingine la kijani nililolikata kwa kuwa lilikuwa refu, nalo halikutoa hata ua.

Babu hakueleza mengi. Akiona nimekosea anauliza, "Ulisema litatoa nini?" Basi. Nikijibu, tunaangalia wote wawili, tunahamia tawi jingine. Hakuwahi kunicheka, na ninarudia hilo makusudi kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye.

Sitadanganya kwamba niliunganisha shamba na darasa papo hapo. Nilikuwa na vichwa viwili: cha Jumamosi kilichokuwa kinajifunza, na cha Jumatatu kilichokuwa kinauliza "tumeelewana?" Mwaka 2016 ndio ulionisukuma. Januari ile ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, watoto wakaja wengi, na darasa langu la kidato cha kwanza likawa na wanafunzi 87, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Kwa wingi ule, sauti ya "ndiyo" ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, na nilikuwa sijui lolote kuhusu yeyote kati yao.

Niliomba maboksi matupu dukani, nikayakata vipande vya ukubwa wa daftari, nikavipaka rangi nyeusi ya ubao. Kila mtoto kibao chake na kipande cha chaki. Tulikuwa tumemaliza wiki nzima tukifundishana namba hasi, na walikuwa wameitikia vizuri tu. Nikaandika ubaoni: 3 − (−5). Nikasema, andika jibu, usimwangalie jirani, nikihesabu tatu inua juu.

Vibao 87 vikainuka. Waliopata 8 hawakutosha kujaza madawati mawili.

Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu kwa muda ambao wanafunzi waliona ni mrefu. Si kwamba walishindwa. Wanafunzi kushindwa hisabati nilishazoea. Kilichonichoma ni kwamba wiki nzima nilikuwa nimepewa "ndiyo" za uongo. Au ndivyo nilivyodhani, kwamba ni za uongo. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipoelewa kwamba watoto hawakuwa wanadanganya hata kidogo. Nitafika huko.

Tukaanza utaratibu mpya: dakika 10 za mwanzo wa kila kipindi ni vibao, maswali ya wiki iliyopita, si ya jana. Mwalimu wa taaluma akalalamika kwamba mada hazitaisha, na alikuwa na haki, kweli hazikuisha. Nilimwambia kwamba hata zilipokuwa zinaisha hazikuwa zimeanza vichwani mwa watoto. Hilo jibu lilinifurahisha sana mimi. Yeye halikumfurahisha.

Halafu likatokea jambo la sehemu. Niliandika nusu jumlisha theluthi. Vibao vingi vikainuka na sehemu mbili za tano: juu kwa juu, chini kwa chini. Karibu nami alikuwa binti mmoja ambaye nilimfahamu kwa sababu siku za mavuno alikuwa anauza zabibu kwa abiria wa mabasi. Nilishawahi kumwona akirudisha chenji kwa madirisha matatu kwa wakati mmoja bila kukosea shilingi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kibao cha mwarobaini kinisamehe: "Una nusu debe ya karanga. Nikikuongezea theluthi ya debe, zinapungua au zinaongezeka?"

"Zinaongezeka, mwalimu."

"Sasa sehemu mbili za tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu?"

Akafikiri. "Ndogo."

"Kwa hiyo zimepungua."

Akaangalia kibao chake, akaniangalia mimi, akasema kwa utulivu kabisa: "Kwenye debe haiwezekani. Kwenye hisabati inawezekana."

Nikacheka. Jamani, nilicheka kweli, na darasa zima likanifuata, na mimi nikalirudia jibu lake kwa sauti ili wa nyuma nao wacheke. Kesho yake hakuinua kibao. Wala kesho kutwa. Alikuwa anaandika, anakifunika kifuani, anangoja wengine wateremshe vyao.

Kwetu Lushoto, juu kidogo tu ya mji, ndiko iliko Magamba, na hakuna mtoto wa kule asiyesimuliwa habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi pale. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja kwa kuwahi nafasi akayaweka yakiwa ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Ikawa kichekesho darasani. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya wenzake wanaomcheka, na Osborne, badala ya kucheka, akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanasayansi bado wanabishana juu yake mpaka leo.

Hadithi hii nilikuwa naisimulia kila mwaka kwa kidato cha kwanza, kwa madaha, nikimsema vibaya yule mwalimu wa "fizikia ya Mpemba". Na siku ile nilikuwa nimesimama mahali pake hasa, chaki mkononi.

Nililala na jibu la yule binti. Kadiri nilivyoligeuza ndivyo nilivyoona lilikuwa na akili kuliko swali langu. Sehemu zikizidishwa, unazidisha juu kwa juu na chini kwa chini, na hilo ndilo nililokuwa nimewafundisha. Alikuwa amechukua kanuni iliyofanya kazi akaipeleka jirani. Kama tawi langu nene la kahawia lenye macho sita. Zaidi ya hapo, alikuwa ameshajifunza kwamba chumba kile kina mambo yake, maneno ya Kiingereza, alama za ajabu, namba zinazokuwa ndogo ukizitoa na kubwa ukizitoa tena, na kwamba ukiingia humo debe unaliacha mlangoni. Nani alimfundisha hivyo? Sikuhitaji kwenda mbali kumtafuta.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa maneno machache kwa sababu nilikuwa naona haya. Halafu nikatangaza sheria ya babu: maswali matatu ya kwanza kila siku ni ya kukosea. Hayaandikwi popote, hakuna jina linalotajwa, na jibu lisilo sahihi nalichora mimi ubaoni bila kusema limetoka kwa nani, tunatafuta mtu aliyelitoa alikuwa anafikiri nini. Watoto walikuja kuipenda sehemu hiyo kuliko zote. Kulikuwa na siku jibu sahihi linaonekana la kuchosha.

Yule binti alichukua karibu muhula mzima kuinua kibao tena. Alimaliza kidato cha nne, hisabati akapata D. Ningependa kuwaambia alipata A. Hakupata.

Mwaka 2018 nilijiunga na masomo ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, nikawa napanda kule Chimwaga na pikipiki. Mwaka uliofuata, katika makala za kusoma, nikakutana na jaribio la Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, la mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja likasoma kisha likarudia kusoma. Kundi la pili likasoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, wale waliojikamua kichwa asilimia 56.

Nilisoma aya ile mara tatu, jambo ambalo makala yenyewe ingelinikataza. Dakika 5! "Ndiyo, mwalimu" ya wanafunzi wangu ilikuwa ni ya dakika 5. Nilipouliza tumeelewana, walikuwa wameelewana na mimi kweli, ubao ukiwa bado mbele yao umejaa. Nilikuwa nimewalaumu bure miaka yote ile. Mtaalamu wa zabibu naye nilimwitikia kwa moyo mweupe, bango likiwa mbele yangu.

Kuna wakati najiuliza kwa nini nilihitaji mzee, mkasi na Wamarekani ili nione hili, wakati mihtasari yetu imekuwa ikisema ujenzi wa umahiri tangu mwaka 2005. Labda kwa sababu nilipelekwa semina ya siku tatu kuhusu huo umahiri, na mwezeshaji akatuhutubia kutwa kucha juu ya ubaya wa kuhutubia. Mwishoni akauliza kama kuna swali. Chakula kilikuwa kizuri. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 nao unazungumzia umahiri, tena umefungua mkondo wa amali, watoto wajifunze ufundi na kilimo palepale sekondari. Naufurahia kweli. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, kwamba upogoleaji nao utafundishwa kwa bango.

Siku hizi "ndiyo" imepata msaidizi. Mwaka jana kijana wa kidato cha tatu aliniletea kazi ya nyumbani safi, kila hatua mahali pake. Nikampa kibao, swali lilelile nimebadilisha namba moja. Akabaki anakiangalia. Akakiri: simu ya dada yake ina programu, unaipiga picha swali, inakuletea jibu na maelezo. "Lakini ukiyasoma unaelewa kabisa, mwalimu," akasema, karibu ana machozi. Nami namwamini. Maelezo nimeyasoma mwenyewe na ni mazuri kuliko yangu. Sikumkataza simu, ningekuwa najidanganya. Tumekubaliana kwamba kwanza aandike kwa kalamu anachodhani ni jibu, hata kama ni upuuzi, ndipo apige picha, halafu kesho yake afanye tena simu ikiwa kwa dada. Anatekeleza? Siku mbili kwa wiki, nakadiria.

Na mimi mwenyewe sijapona. Juzi babu aliniita kwake. Mwanawe amemletea simu ya kioo, wanunuzi wa zabibu sasa wanamlipa humo, naye anataka kumtumia mjukuu nauli. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikachukua simu kutoka mkononi mwake, nikaanza: "Babu, unabonyeza hapa, halafu hapa, unaweka namba, halafu hapa, umeona? Rahisi. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," akasema babu.

Akanyoosha mkono. Nikampa simu yake. Akaifuta kioo kwa pindo la shati, akaiweka mbali na macho jinsi wazee wanavyofanya, akabonyeza pasipotakiwa. Kidole changu kilikuwa kimeshafika nusu ya njia aliponiangalia. Nikakirudisha. Akabonyeza tena, namba ya siri ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Ya tatu ingefunga huduma na tungelazimika kupanda daladala mpaka mjini.

"Usiseme," akaniambia.

Nikasimama, nikafunga mikono mgongoni, nikaangalia mizabibu.